Mbwa Anayetukusanya Sebuleni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako katika jambo ambalo nikilisimulia kwa mdomo watu hucheka, kwa hiyo nimeona heri niliandike. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, na alituachia mbwa wa ile jamii inayochunga kondoo, tuliyemwita Nyapara kwa sababu hawezi kuona watu wametawanyika akatulia, na kila jioni mume wangu aliporudi kazini alikuwa na mchezo wake: humtuma Nyapara atukusanye, mimi kutoka jikoni, mama mkwe kutoka chumbani, binti yetu kutoka uani, na tukishaketi sebuleni, naye mume wangu akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango, husema "Tumetimia!", ndipo mbwa hupewa kipande cha nyama na kila mtu akaenda zake.

Tangu tulipomzika mume wangu, mbwa hajaacha kazi. Hutuzunguka kimya, kichwa chini, bila kubweka, akitukazia macho, na ukikaidi hukubana kisigino kwa meno. Mama mkwe humwambia, "Haya nyapara, nakuja, usinisukume, mimi si kondoo wa baba yako," lakini huenda, nami huenda, na tukishaketi mbwa hulala kizingitini akiangalia korido, asituachie mpaka achoke mwenyewe. Wifi yangu alipotutembelea alishtuka: "Wifi, mbona mmebanana pembeni kama mnangoja kupigwa picha? Nyinyi mnaswagwa na mbwa!" Nilicheka, kisha nikatambua kwamba mbwa alikuwa amefungwa uani, na bado nilikuwa nimeketi palepale.

Mimi ni mpimaji wa maabara, sina mazoea ya kuamini nisichokiona kwenye hadubini, lakini sasa kuna jambo jipya: tukishaketi, mbwa hurudi koridoni peke yake, huinama, huzunguka kwa upana, kisha huja polepole nyuma ya kitu nisichokiona, akikisogeza mpaka kwenye kile kiti cha mume wangu, na binti yangu huvuta miguu yake kupisha. Nilipomuuliza anampisha nani alinijibu, "Mama, usiongee, Nyapara bado anahesabu." Sasa hataki shule, asubuhi hung'ang'ania mguu wa kiti akisema tukipungua mbwa ataanza upya. Mama mkwe anataka mbwa aondolewe. Nikimwondoa naona kama ninamfukuza mume wangu, nikimwacha ninampoteza mtoto. Nifanye nini?

Mpima Damu

*

Mpima Damu, pole kwa msiba. Ipokee pole hiyo sasa, kabla sijaanza kukukaripia.

Mtu wa maabara akiona jambo la ajabu huuliza kwanza ni nini kilichobadilika, na jibu umeliandika mwenyewe bila kulisoma. Mbwa wenu alifundishwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Mwanzo huletwa na jioni, ambayo haikosi kufika. Mwisho ulitamkwa na mtu mmoja, nanyi mmemzika. Nyapara hana wazimu wala hila. Hajaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Kosa lenu ni kumtii. Kila unaponyanyuka kwa sababu amekukazia macho, unamfundisha kwamba macho yake yanatosha. Kuanzia leo avae kamba hata ndani ya nyumba. Akianza kuinamisha kichwa usingoje azunguke: mwite, mpeleke kwenye mkeka wake, mtuze akiwa amelala hapo. Akibana kisigino, simama kama nguzo, kwa maana kinachokimbia ndicho kinachochungwa. Mpe kazi halisi kila asubuhi, mpira mkubwa wa kusukuma uani au vitu ulivyoficha avitafute. Mbwa wa aina hii asipopewa kazi hujitafutia. Na asiachwe peke yake na mtoto mpaka meno hayo yatakapokoma.

Kisha jioni moja mwache awakusanye. Wewe, si mama mkwe wala mtoto, utamke "Tumetimia" kwa sauti ya kawaida, umpe nyama yake, ufungue mlango, mtoke wote nje. Najua kwa nini hujalitamka hadi leo. Ukilisema mkiwa watatu, umekubali kwamba watatu ndio nyote. Kubali, mama. Binti yako hawezi kukutangulia katika hilo, na ndiyo maana ameshika mguu wa kiti. Asubuhi inayofuata mpeleke shule, mbwa awasindikize kwa kamba, ajifunze kwamba mtu akitoka nje hajapotea.

Kuhusu kile anachokisogeza kutoka koridoni, sikuwepo, sitakudanganya kwamba najua. Huenda ni harufu iliyobaki katika kitambaa cha kiti; kifue, na kiti ukihamishe. Lakini nakuonya: ukishatamka neno lile, mbwa anaweza kugeuka tena kuangalia korido. Wewe usigeuke. Mtoto atakuwa anakutazama usoni, apate kujua kama kuna mtu.