Kamera za nyumba ya Zablon zilivyokuwa zikikatika saa saba mchana

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Karatu
Tarehe: 17 Julai 2008
Muda wa kuanza: saa 3:40 asubuhi

Jina: Cresensia Tluway
Umri: miaka 71
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Elimu: darasa la pili
Kazi: mkulima, kwa sasa anaangalia nyumba ya mkwe wake
Makazi: Karatu mjini, kwao ni Mbulumbulu

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande ameniambia nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba yeye alipozaliwa mimi nilikuwa nimeshaacha uongo zamani. Nimekuja kwa sababu ya Valeriani Gidamis, mlinzi, ambaye yuko mahabusu tangu Jumatatu kwa kudaiwa kwamba anazima kamera za nyumba ili wezi waingie. Valeriani hajazima kamera hata siku moja. Nilikuwa nazizima mimi.

Nitaeleza tangu mwanzo, na afande asinikatize.

Nyumba ni ya mkwe wangu Zablon Mmari, mfanyabiashara wa utalii, mume wa binti yangu Martha. Wenyewe wanaishi Arusha. Mnamo mwezi wa kumi mwaka jana walikuja kunichukua Mbulumbulu, wakasema nimezeeka, si vizuri nikae peke yangu. Wakanileta kwenye nyumba ya vyumba sita, wakanionyesha kuwasha jiko la gesi, wakaondoka siku ile ile. Mezani kuna viti vinane, na mimi mmoja.

Mwezi wa tatu mwaka huu mkwe wangu alimleta fundi kutoka Arusha anayeitwa Inosenti. Alifunga kamera nne: getini, uani nyuma, sebuleni na jikoni. Kamera hizo zinatuma picha hewani kwenye kisanduku chenye taa za kijani kilichopo koridoni. Kisanduku kinapeleka kwenye dishi lililoko juu ya bati, dishi nalo linapeleka sijui wapi, na mwisho wake mkwe wangu anakaa ofisini kwake Arusha anaona nyumba yote kwenye kompyuta. Nilimuuliza Inosenti, "Na jikoni wataiba nini, mwiko?" Akasema, "Bibi, ni kwa usalama wako. Ukianguka bosi anakuona." Nikamwambia mimi sijaanguka tangu nijue kutembea, akaangalie ngazi yake.

Jumapili moja baada ya Pasaka, tarehe siikumbuki, saa saba mchana nilikuwa jikoni nakula makande. Simu ikalia. Alikuwa mkwe wangu. Akasema, "Shikamoo mama. Naona makande ya leo yamekolea, umeongeza sahani ya pili!" Alikuwa anacheka. Hakuwa na nia mbaya, Zablon ni mtu mwema. Mimi niliweka kijiko chini.

Afande ameniuliza kosa liko wapi hapo. Hawa vijana wanafundishwa sheria tu. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake. Mkwe akija, wewe unakaa upande mwingine wa nyumba mpaka amalize, kisha na wewe unakula mahali pako. Ni miaka kumi na tisa tangu amwoe Martha, na Zablon alikuwa hajawahi kuniona nikitafuna, hata siku ya harusi. Sasa alikuwa ameniona, na sikujua ameniona mara ngapi.

Nilimpigia Martha. Naye akacheka. Akasema, "Mama, hayo ni ya zamani. Zablon hana hata muda wa kukuangalia, ana wageni wake." Nikamuuliza, kama hana muda, sahani ya pili aliihesabu nani? Akasema simu yake inaisha chaji.

Kula nje haikuwezekana, nje kuna kamera. Nilikula chumbani siku mbili, nimekaa kitandani na sahani magotini kama mgonjwa wa wodini. Siku ya tatu nikasema hapana. Nikaenda koridoni, nikachomoa waya wa kisanduku ukutani, taa zikafa, nikarudi jikoni nikala kama mtu. Nilipomaliza kuosha sahani nikaurudisha. Tangu hapo nilifanya hivyo kila siku, saa saba mchana na saa moja jioni. Asubuhi nilikunywa chai chumbani. Chai siyo kutafuna.

Mkwe wangu akaanza kulalamika kwamba kamera zinapotea kwenye mtandao. Inosenti alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alisema ni umeme, akaweka betri ya kushikilia kisanduku umeme ukikatika. Mimi nikajifunza kuchomoa upande wa kisanduku. Mara ya pili alisema mawimbi yetu yanagongana na ya hoteli ya jirani, akayabadilisha, na kisanduku akakipandisha juu ya kabati. Nikaanza kupanda kiti. Angalau kiti kimoja kikapata kazi. Mara ya tatu, mwezi wa sita, alisema kila kamera ina namba yake, na namba zikifanana kamera zinafukuzana. Akazipa zote namba mpya, akapanda batini akageuza dishi, akashuka na vumbi mpaka shingoni.

Kila siku aliyokuja, mimi sikula mpaka alipoondoka. Kwa hiyo kamera hazikukatika. Alikuwa anakusanya vyombo vyake jioni kwa furaha, "Imetulia bibi, si umeona?" Namjibu nimeona. Tumbo linanguruma anadhani ni pikipiki barabarani. Kesho yake saa saba kamera zinapotea tena, na mkwe wangu anamfokea. Namwomba msamaha Inosenti, kazi yake ilikuwa nzuri. Naye si mjinga. Alikuwa anaandika saa kwenye daftari, na mwanzoni mwa mwezi huu alimwambia mkwe wangu kwamba zinakatika saa zile zile, kwa hiyo si mtandao, ni mkono wa mtu. Hapo alisema kweli.

Valeriani alijua tangu wiki ya kwanza. Ni mtu mzima wa Kansay, ana wajukuu. Aliona taa ya kamera ya getini inapepesa, akaja mlango wa jikoni kuuliza, akanikuta na kijiko mkononi. Hakuuliza tena. Aligeuka, akakaa kwenye ngazi ya mlango akanipa mgongo, akasema kwa Kiiraqw, "Kula tu bibi, mimi natazama geti." Nikampakulia. Ikawa ndiyo desturi, yeye kwenye ngazi, mimi ndani, mlango wazi. Alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe wake mweusi anayempiga teke kila mtu isipokuwa mke wake, na mimi namwambia ng'ombe ana akili kuliko nyie. Afande amesema hayo hayahusiani na kesi. Nimesema yaandikwe. Kuna siku nyingi sikusikia sauti nyingine ya mtu zaidi ya hiyo.

Mnamo tarehe 14 Julai 2008, siku ya Jumatatu, kulikuwa na ukungu tangu asubuhi. Saa saba kamili nilichomoa waya. Saa saba na dakika tano Valeriani alikaa kwenye ngazi, tukala ugali na maharage. Aliondoka saa saba na nusu kwa saa ya ukutani. Muda wote huo nilikuwa nauona mgongo wake. Saa nane kasoro dakika kumi alirudi anakimbia, akasema kufuli la stoo ya nyuma limevunjwa, uzio umekatwa, mahema mawili ya wageni na darubini havipo. Hatukuwa tumesikia kitu. Nikaenda nikarudisha waya. Mwizi sikumwona na simjui.

Mkwe wangu alifika jioni saa kumi na moja pamoja na polisi. Alimuuliza Valeriani, "Nani amezima kamera?" Valeriani hakunitaja. Akaulizwa saa saba alikuwa wapi. Akasema, "Lindoni." Alinitazama mara moja tu, akatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimejitanda kanga. Ningeweza kusema. Kusema ilikuwa ni kumwambia mkwe wangu usoni kwamba nilikuwa nakula, na nani alikuwa mlangoni. Sikusema. Wakampandisha kwenye gari.

Jumanne sikugusa waya. Jumatano sikugusa. Nilikula kidogo chumbani, baadaye sikula. Jumatano saa kumi jioni mkwe wangu alipiga simu akasema, "Umeona mama? Tangu tumtoe yule mtu, kamera zimetulia kabisa. Si ushahidi huo?" Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu mkwe wangu. Niliona kwamba mimi mwenyewe, kwa kukaa kitandani na aibu yangu, nilikuwa namfunga Valeriani.

Leo asubuhi nimefunga nyumba nikaja. Kwanza nimemuuliza afande nani atasoma karatasi hii. Amesema mlalamikaji, yaani mkwe wangu, ataelezwa yaliyomo. Nikamwambia aweke kalamu chini kidogo. Kisha nimemwambia aandike yote, asiache neno.

Niliyosema ndiyo niliyoyaona na kuyatenda kwa mikono yangu, na sikufundishwa na mtu. Afande ameleta wino wa kidole gumba. Nimemwambia auondoe, jina langu naliandika mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: Cresensia Tluway

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi Koplo Mathias Lyimo nimeandika maelezo haya kuanzia saa 3:40 hadi saa 5:15 asubuhi na kumsomea shahidi kwa sauti. Amekubali kuwa ni sahihi.

Baada ya mashauriano na mkuu wa kituo, mtuhumiwa Valeriani Gidamis ameachiwa saa 6:10 mchana. Shahidi alikuwa akimsubiri mapokezi. Alimwambia waende nyumbani, ameacha maharage yaliyoiva. Mtuhumiwa alimwamkia, akamshukuru kwa kuja, akasema hatarudi kwenye kazi ile, anakwenda kwao Kansay kwa gari la saa saba. Waliagana mlangoni.

Shahidi alirudi akakaa kwenye benchi la mapokezi. Saa 7:30 nilimweleza kwamba shughuli yake imekwisha, anaweza kwenda. Alisema anajua. Nilimuuliza anamsubiri nani. Alisema hamsubiri mtu, anasubiri saa ya kula ipite. Aliondoka saa 9:00 alasiri.