Kikao cha Bamaçon juu ya Ukuta wa Depo Ulioanguka Mara ya Pili

Chama cha Kusaidiana cha Bamaçon, bajengaji wa nyumba, Élisabethville. Siku ya Mungu, 12 Octobre 1952, nyuma ya misa ya pili, mu nyumba ya katekisimu, Cité Albert.

Waliokuwepo: Kasonde Musonda, mwenyekiti, Stanislas Chola, maçon muzee, Donat Mwape, kapita, musimamizi wa chantier mahali pa kujenga, bamemba saba, na miye mwandishi, Zéphirin Mukuka.
Hawakufika: Ngosa, mugonjwa, Mwaba, alienda Mokambo bila kuaga.

KUMB. NA. 1/10/52. Sala. Bantu walikuwa wanaangalia mawingu ku dirisha, hata Amina haikuitikiwa vizuri.

KUMB. NA. 2/10/52. Ukuta. Mwenyekiti alieleza kwamba ukuta wa depo, gala ya kampani, ulianguka Alhamisi, sawasawa na ule wa mwaka jana. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Lakini kesho Donat akikosa maelezo mbele ya patron, Muzungu wa kampani, atafukuzwa, na nyumba ya kampani ataiacha, na bibi yake iko na mimba ya miezi nane.

Donat alisema kwamba kosa si lake: Stanislas alijua dawa ya kuta hizi, akaificha kwa wivu, kwa sababu ukapita haukumufikia. Stanislas alisimama, akaketi, akasimama tena.

KUMB. NA. 3/10/52. Kitabu. Mwandishi aliomba ruhusa, maana roho ilimusumbua. Alisoma mu kitabu cha vikao, kikao cha Octobre 1951: "Stanislas alifundisha kwamba mu jua la mwezi huu matofali ya udongo wa kichuguu yanakunywa maji yote ya mortier inayoyashika. Yalale kwanza mu maji, ndipo yajengwe. Donat alijibu: 'Yaya, mukubwa wangu, siye ni bamaçon, hatuko bafuaji wa nguo.' Bantu walicheka."

Mwandishi alikiri kwamba naye alicheka, na kwamba kitabu kilikaa mwaka mzima mu sanduku lake, chini ya nguo za misa. Mungu amusamehe.

Donat aliomba maneno yake yafutwe. Mwenyekiti alikataa. Donat akauliza: "Yaya Stanislas, kesho nitamwambia nini Muzungu?"

Stanislas: "Utamwambia tulikuwa tunajua. Nitasimama pembeni yako."

KUMB. NA. 4/10/52. Ilikubaliwa kitabu kikae ku chantier, na kila Octobre, mbele ya tofali la kwanza kujengwa, Donat mwenyewe asome ukurasa ule, pamoja na neno la kufua nguo. Aliuliza kama Octobre ijayo atakuwa angali kapita.

Saa sita ya mchana mvua ya kwanza ilipiga bati. Stanislas na Donat walikimbia pamoja kufunika ukuta wa depo unaobaki, mvua isiubomoe, na bamemba wote nyuma yao. Sala ya kufunga tuliisali wawili tu, mwenyekiti na miye.

Kasonde Musonda, mwenyekiti (kidole gumba)
Zéphirin Mukuka, mwandishi