Tenki Lililosema Limejaa

Alhamisi, nyumbani Chemchem, mjini. Joto la kungoja mvua, na mimi nimechoka mpaka kope. Nimerudi kutoka kijiji kimoja nje ya Bukene, vumbi bado liko masikioni, na chai imepoa mbele yangu.

Kazi yangu ni kusimamia pampu za maji za vijijini nikiwa hapa mjini. Kwenye tenki kuna kipimo, nacho huiambia pampu kwa mtandao wa simu: maji yamepungua, washa, yamejaa, zima. Mimi natazama kwenye kompyuta. Mambo yakienda sawa, hakuna anayekumbuka kuwa nipo.

Jumatatu betri ya kipimo cha kijiji nilikotoka leo ilikufa, kipimo kikanyamaza. Pampu, kwa jinsi nilivyoipangia, ikashika neno la mwisho ililosikia: limejaa. Ikalala. Kompyuta yangu nayo ikaendelea kuonyesha limejaa, huku watu wanachota.

Jumanne jioni Mzee Masanja, anayetunza pampu, akanipigia. Shikamoo, marahaba. Habari za huko? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Nilikuwa hoi. Nikamwambia huku naona tenki limejaa, asante Mzee, nikakata.

Kwetu habari mbaya haiingii kabla salamu hazijaisha. Inatangulia nzuri, halafu ndiyo inakuja ila. Nimelelewa hivyo Mtendeni, najua kabisa, na bado sikumpa mzee nafasi ya kufika kwenye ila yake: mabomba yalikuwa makavu. Naye aliponisikia nasema limejaa, akaamini maji yako njiani. Akawaambia watu wasubiri.

Wakasubiri.

Jana asubuhi akapiga Nesi Paulina wa zahanati. Hakunisalimia. Nikajikuta nimesimama kabla sijajua kuna nini.

"Nina mama anajifungua, na bomba linatoa upepo tu."

Nikaiwasha pampu kutoka hapa hapa mezani. Lakini maji yanapanda kilima kwa muda wake, na mtoto hakuyangoja. Wakatumia ndoo za kisima cha wazi, kuni zikiwa mbichi, maji hayajachemka vizuri. Mama na mtoto wazima, nikaambiwa. Nililia kidogo, kisha nikafunga begi la vifaa.

Leo nimebadilisha betri, nikabadilisha na maagizo ya pampu. Kipimo kikinyamaza, isiamini tena neno la zamani. Isukume maji kidogo kidogo hata kama tenki litafurika. Mzee Masanja hapendi kuona maji yakimwagika. Hitilafu zitakuja, siwezi kuzizuia zote. Nimechagua ile ninayoweza kuishi nayo. Mzee hakunilaumu kwa ile simu, na hilo limenichosha kuliko safari.

Kabla ya kuondoka nilipita zahanati. Nesi Paulina akanisalimia kwa kirefu, mpaka habari za ng'ombe ambao sina. Nikamuuliza za yule mzazi wa jana.

Nzuri, akasema.

Nikangoja.

"Ila ana homa tangu jana usiku."

Ameshaanza dawa. Isiposhuka watampeleka hospitali ya Nzega. Mtoto ananyonya, nimemwona, ana nywele nyingi.

Kesho asubuhi nitapiga simu kuuliza hali yake. Naogopa watanijibu nzuri.