Kipande cha Nyama Mkahawani

Kawaguchi, Oktoba

Kwako dada yangu mpendwa Chizuru,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Kohei. Mama anaendeleaje na baridi ya huko Akita? Mpunga mmemaliza kuvuna? Sisi hatujambo kabisa. Nalala vizuri, nakula vizuri, na nimependwa, dada, nimependwa mpaka naona haya kukuandikia. Kila asubuhi Kohei hunifunga skafu kabla sijatoka, kama mtoto wa chekechea, na akifika kazini hunitumia ujumbe kuuliza kama sijaivua.

Najua unangoja jibu. Umeniuliza zaidi ya mara moja kama nitakuja siku ya arobaini na tisa ya msiba, tutakapoweka kaburini mifupa ya Baba iliyobaki baada ya kuchomwa, nami nimekaa kimya. Nivumilie, nitafika huko.

Jumapili Kohei alinipeleka kula tambi za kuchovya kwenye mkahawa mdogo karibu na stesheni. Umri wote huu sikuwahi kuzila! Kohei alisema kwa kosa kama hilo watu hufungwa. Tulinunua tiketi za chakula kwenye mashine, tukabanana kaunta, na mama mwenye mkahawa akauliza tambi zetu ziwe za moto au za baridi. Kohei akanijibia kuwa za baridi, maana ndivyo utamu wake unavyosikika. Zikaja nene, zinang'aa, na mchuzi mzito wa moto kwenye bakuli la pembeni. Nikawa nachovya na kula kwa adabu. Kohei akacheka: "Bibi harusi, vuta kwa kelele! Mama mkwe hayupo hapa." Nikavuta, mchuzi ukamrukia shati, akafurahi kama amepewa zawadi. Nampenda sana mtu huyu.

Kisha akainua kipande kinono cha nyama ya nguruwe, akaninyooshea kwa vijiti vyake vya kulia. Nami nikakipokea kwa vijiti vyangu.

Hatukufikiri, dada, kwamba kinachopokezanwa vijiti kwa vijiti ni mifupa ya maiti tu. Mwenye mkahawa alipiga kaunta kwa kiganja. "Nyie wawili! Mnaokota mifupa ya maiti humu kwangu?" Mzee aliyekaa jirani yetu akaweka bakuli chini. Kohei aliinama mpaka paji la uso likagusa kaunta, akaomba tusamehewe, akaeleza kuwa mke wake amefiwa na baba juzijuzi tu. Tulipomaliza tambi yule mama alikuja na birika bila kuitwa, akaniongezea supu ya moto kwenye mchuzi uliobaki, akasema kwa sauti ya chini, "Kunywa, binti. Mdomo wangu huu hauna breki." Nikanywa wote.

Sasa nikuambie. Kipande kile kilipokuwa kati ya vijiti vyetu niliona mkono wako na wangu, siku tulipouinua pamoja kwa vijiti mfupa wa Baba kutoka kwenye majivu kuutia kwenye chungu. Wako ulikuwa unatetemeka. Wangu ulikuwa umetulia tuli. Mashangazi walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza, dada. Hapakuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa nawaza kama Kohei, aliyesimama nyuma yangu, amekula. Hata Jumapili, mkahawa mzima ukinitazama, nilingoja kilio kije. Hakikuja. Nikaila ile nyama. Ilikuwa laini.

Ndiyo sababu ya kimya changu. Si kazi wala nauli. Naogopa kusimama kaburini na uso huu wa harusi na macho makavu, wewe na Mama mkadhani sikumpenda. Nilimpenda. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, ila ndani sisikii kitu.

Nitakuja. Kohei ameshakata tiketi za treni. Nikikosa chozi, simama karibu nami, na mashangazi wakianza kunisifu tena, waambie wanyamaze.

Nisalimie Mama na majirani wote. Mlale salama.

Mdogo wako akupendaye,
Nahoko