Mkole wa Juu ya Kichuguu

Jumanne, 2 Julai 2024

Kuanzia leo mimi ni mwenye msitu. Tadeo wa kijiji cha Daudi, mwenye msitu wake Hanang, na wanyama ndani yake.

Uongo. Ni ekari mbili za miba na mawe kule Balangdalalu, karibu na alikoolewa binti yangu Oliva, na bado hata sijazinunua. Msitu wenyewe mbuzi watatu wenye njaa wanaumaliza kwa wiki. Lakini kanga nimewaona kwa macho yangu. Wengi. Wanakimbia vichwa chini kama masista waliochelewa misa.

Huku Daudi pa kuwinda hapapo tena. Kila kipande kimelimwa, ngano, njegere, vitunguu swaumu mpaka kwenye ukingo wa barabara. Sungura akitaka kujificha aombe kwanza kwa mwenye shamba. Baba yangu alikuwa anatoka na uta kabla ya jua, anarudi na kwale kiunoni, mama anajifanya hakumwona mpaka awatupe jikoni. Nataka kutoka hivyo mara chache kabla magoti hayajafunga kazi.

Nimemwambia mke wangu Philomena nauza dume jekundu. Ameweka mwiko chini kwanza. Halafu: "Baba Oliva, wenzako wananunua shamba walime. Wewe unauza ng'ombe ununue miba, ukimbizane na kuku wa porini."

Nikasema kanga hakimbizwi, anangojwa.

Akasema basi ningemngojea hapa nyumbani, kiti kipo.

Ijumaa, 5 Julai

Balangdalalu. Tumenunua. Muuzaji ni Felician, mtu wa maneno mengi kama mimi, kwa hiyo tulichoshana mapema tukaelewana. Mwenyekiti wa kijiji akatupeleka kuzungusha mpaka. Majirani wa pande tatu walikuja, kila mmoja akaonyesha minyaa yake ya mpaka, wakasaini. Upande wa nne hakuna minyaa. Ni korongo na malisho ya Wabarbaig. Sisi juu huko tunawaita Mang'ati, wao hawapendi. Nikauliza upande huu nani anasaini? Felician akasema, "Mzee, wale ni watu wa kupita. Leo wako, kesho wako Singida. Utamsainisha ng'ombe?"

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Katikati ya eneo pana kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mimi, kimeota majani, na juu yake mti wa mkole. Felician akakipiga teke kidogo. Akasema nikikaa pale juu nitawaona kanga wote wa Hanang.

Bwana nyama ameshanipa kibali cha kanga na kwale. Digidigi hapana. Alipoona nimeandika silaha ni uta aliinua kichwa akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia uta ni mdogo kuliko mimi.

Jumanne, 9 Julai

Uta wangu wa zamani umepasuka. Nimeukunja asubuhi ukalia kaa! Mkwe wangu Joakimu akasema ninunue manati.

Nimepanda kichuguu. Ule mkole una tawi moja lililonyooka kama limepimwa. Mkole ndio mti wa uta, baba alikuwa hatumii mwingine. Nikalikata kwa panga. Lilikuwa na maji mengi kwa wakati huu wa kiangazi, likanilowesha mkono. Nimelimenya, nimeliweka juu ya moshi jikoni kwa Oliva. Ameninung'unikia kwamba ugali utanuka mti.

Jumanne, 16 Julai

Uta umekubali. Upote, ile kamba yake, ni kano ya ng'ombe, Joakimu alinitafutia machinjioni huku akiona aibu. Nimeupiga kwa kidole, unaimba.

Alhamisi, 18 Julai

Nimempata.

Nilikaa juu ya kichuguu tangu giza halijaondoka. Baridi. Sikufikiri kitu. Kule Daudi kila saa nafikiri, nani nimtanie, nani kanidharau, mbolea, dawa ya Philomena. Hapa nilikuwa macho na masikio tu. Walitoka korongoni wakichakura, nikamchagua wa pembeni. Macho haya ya mzee yalimwona mpaka madoa yake.

Mshale ulikwenda kama ulikuwa unajua njia.

Nilishuka nikamwokota, alikuwa bado wa moto. Nikakaa naye chini ya kichuguu. Nilitaka kumwonyesha baba. Mtu wa miaka yangu, nataka kumwonyesha baba kanga.

Oliva alimpika na karanga. Nyama ngumu kama mkanda. Tamu.

Jumapili, 21 Julai

Baada ya misa nilikwenda kwenye eneo langu, tu kulitazama, bila uta. Nikakuta mama wa Kibarbaig amekaa chini ya kichuguu. Mtu mzima sana. Sketi ya ngozi, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, kibuyu pembeni. Nikasimama. Tukatazamana, kila mmoja anasubiri shikamoo ya mwenzake. Nikatoa mimi. Akaitikia marahaba, na hakuniambia nikae, kwenye ardhi yangu.

Anaitwa Udashanga. Kiswahili chake ni kidogo lakini kila neno analiweka chini kama jiwe la jikoni.

"Ni wewe umekata?"

Nikasema ni mimi, eneo ni langu, nimelinunua.

"Hiki si kichuguu. Huyu ni baba."

Nilidhani hajui neno. Anajua. Wazee wao wakubwa, wenye heshima, hawazikwi kama sisi. Ukoo wote unakaa miezi, wanamjengea udongo juu yake, wanapandisha, wanachinja, wanakunywa pombe ya asali. Wanaita bung'eda. Mwisho wanachomeka fimbo juu. Fimbo ya baba yake ilishika, ikaota, ikawa mti. Ukiota, maana yake amepokea, amekaa vizuri huko. Kisha malisho yakageuka ngano, ikabidi wahame. Yeye anarudi kila mwaka baada ya mvua kuweka majani na maziwa. Mwaka huu aliumwa, akachelewa.

Midomo yangu hii. Nikasema, "Basi mama, baba yako ametoa uta mzuri."

Hakukasirika. Angenitukana ningejua la kujibu. Alichovya kidole gumba kwenye samli ya kibuyuni mwake, akapanda taratibu, magoti yake mabaya kama yangu, akapaka pale nilipokata. Polepole, kuzunguka kidonda, kama unavyompaka mtoto aliyetahiriwa. Akawa anasema naye kwa lugha yao. Mara moja alinyoosha kidole kwangu bila kugeuka. Ananishtaki, au ananitambulisha. Sijui.

Nimekaa juu ya kichwa cha mtu nikingoja kanga.

Aliposhuka akaniuliza uta uko wapi. Kwa binti yangu. Akasema nisiuchome, nisiutupe, nisiushike tena mpaka wazee wao wakae baraza. Jumamosi, hapahapa. Nije. Lakini aliyekata hasemi. Atakaa kimya, atatazama chini, mtu wa upande wake ndiye atamsemea. Nisipoleta wa kunisemea, watajua nimekataa. Basi. Hakuna atakayenipiga. Ila hakuna wa kwao atakayekaa na mimi, wala kunipa maji, mimi na watoto wangu.

Oliva mwanangu anaishi hapa. Anachota maji pamoja na wake zao.

Jumatatu, 22 Julai

Felician ameapa kwamba na yeye aliuziwa hivyohivyo, na kichuguu. Huenda ni kweli. Nilipomwuliza kwa nini basi hatukuwaita watu wa upande wa korongo, akaanza kutafuta simu mfukoni.

Mwenyekiti amenituliza. Mzee, una karatasi, ina muhuri, majirani wamesaini. Kisheria kile ni kichuguu ndani ya eneo lako. Ukitaka kukisawazisha kisawazishe.

Joakimu naye: "Baba, usiende. Ukienda umekiri. Leo watataka uta, kesho watataka eneo lote."

Nikamwuliza na mkewe akichota maji je? Akasema kuna bomba linakuja. Hilo bomba linakuja tangu harusi yao.

Oliva uta ameutundika juu ukutani, ameufunika na kanga yake ile nzuri ya Pasaka. Mimi sikumwambia aufunike.

Kwa karatasi nimeshinda. Nikienda, wanaweza hata kunichukulia eneo lote Jumamosi, na dume jekundu limeshaliwa minadani. Nikibaki nyumbani, kanga ni wangu, korongo ni langu, nakaa juu pale mpaka nife.

Jumatano, 24 Julai

Nimerudi Daudi. Asubuhi sikunywa chai, nimekwenda kwenye shamba lililokuwa letu. Kaka yangu marehemu aliliuza kwa mtu wa Babati. Trekta lilipita mwaka huohuo. Sasa ni vitunguu swaumu, matuta yamenyooka, mazuri. Baba yuko chini yake. Wakati ule palikuwa na mawe na mkuyu mdogo, nilijua. Sasa sijui tuta gani. Nimepita moja, nimerudi, nimepita la pili. Kibarua mmoja aliyekuwa anapalilia akanipa shikamoo, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia natafuta ng'ombe.

Yeye Udashanga anajua alipo wake. Walimhamisha, mvua zimepita, udongo huo wote wa kahawia kumbe anaujua, anarudi na samli. Na mimi nikaenda nikamkata.

Nitakwenda Jumamosi. Wakichukua wachukue.

Philomena nilitegemea aseme alinionya. Amesema, "Utanyamaza wewe? Siku nzima?" Halafu akaona uso wangu, akaacha. Akatoa koti langu la misa akaanza kulipiga brashi.

Wa kunisemea ni nani? Nimehesabu wazee wa hapa. Huyu nilimtungia wimbo wa kumcheka. Yule nilimwita jina la punda wake mbele ya paroko. Nimemaliza tarafa nzima.

Alhamisi, 25 Julai

Endagikot, kwa Nikolausi, kaka wa Philomena. Naandika nimekaa kwenye kigoda chake nje ya zizi. Yeye anakamua. Tangu nifike ametoa salamu tu. Ni haki yake. Nimemtania miaka yote, mbele ya watoto wake, kwa sababu ni mpole na anachelewa kujibu.

Nimemweleza yote kupitia fito za zizi. Mkole, kanga, yule mama, samli. Sikupamba. Maziwa yalikuwa yanapiga ndooni, chwa, chwa, sikujua kama anasikia. Nilipofika kwenye vitunguu swaumu yakasimama kidogo. Yakaendelea.

Kisha akauliza, bila kutoa kichwa ubavuni mwa ng'ombe, "Na wewe utakuwa wapi mimi nikisema?"

"Nyuma yako. Natazama chini."

Akacheka kwa pua. Mara ya kwanza leo. Akasema haamini mpaka aone.

Sasa amenyanyuka na ndoo. Ananitazama. Nimemkumbusha: wakwe zako walipofunga lango, wakasema hawatoi binti kwa mtu asiye na baba wa kumsemea, nani alisimama pale tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi? Sikuwahi kukudai. Nadai leo. Gari la Haydom linapita kesho saa moja. Njoo na mimi, shemeji. Simama, uwaambie shemeji yako hakujua, na kwamba sasa anajua. Hayo tu. Usiwachekeshe.