Kibati cha Nanjundappa

Bengaluru,
Ijumaa, 20 Muharram 1436
(14 Novemba 2014)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aungaye kilichovunjika, asiyefichwa lililo moyoni.

Mpendwa mpwa wangu Tauseef,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe, mkeo Rafia na binti yenu, nikimwomba Mola barua hii iwakute huko Arizona mkiwa katika afya na usalama. Natumai kikohozi cha Rafia kimekwisha. Mama yako, dada yangu Mehrunnisa, anasumbuliwa na magoti, ila hakubali kusali ameketi. Mimi ninapumua, alhamdulillahi. Tangu jana nina jino moja pungufu na miwani yangu imefungwa uzi. Sababu utaisoma hapa chini.

Jumapili nilikupigia simu nikakuambia, "Iondoe ile sahani mlangoni." Ukanijibu, "Sawa, mjomba," kwa sauti ya mtu mwenye haraka, nami sikukueleza zaidi. Nilikuficha, mwanangu. Leo nakueleza.

Nanjundappa amefariki. Ameuawa na shimo letu la kujaribia magurudumu alasiri ya Alhamisi ya wiki iliyopita. Najua ulivyompenda, kwani ndiye aliyekufundisha kushika spana ulipotoka chuoni ukiwa na vyeti vingi na mikono laini. Miaka ishirini na sita alikula biriani ya Idi nyumbani kwangu, nami nikala ufuta na sukari guru nyumbani kwake kila Januari, sikukuu yao ya mavuno.

Lile gurudumu la turbini ya ndege, la madini mapya, ambalo Daktari Vasudha na watafiti wake wamelihangaikia miaka minne, lilikuwa limefika siku yake ya mwisho. Tulilining'iniza shimoni tulizungushe mpaka lipasuke. Hiyo ndiyo kazi yetu, kuvunja ardhini kile ambacho hakifai kuja kuvunjika angani na watu. Ukuta wa shimo ni chuma kinene kuliko paja la mtu. Mahali pamoja tu ni dhaifu, napo ni kwenye lile dirisha la kamera, na ndiyo maana mtu haruhusiwi kuwamo katika chumba cha dirisha hilo wakati gurudumu linazunguka.

Saa kumi na robo nilikuwa bombani natawadha. Sakafu ilinipiga nyayo kabla sijasikia mshindo. Gurudumu lilipasuka vipande vitatu kama ilivyotarajiwa. Viwili vilizama ukutani. Cha tatu kilipita dirishani, na Nanjundappa alikuwa amesimama hapo akikifuta kioo.

Sitakuandikia yote niliyoyaona. Hakikuwepo kichwa cha kufunika. Mkono wake wa kulia tuliukuta chini ya bomba la mafuta, umekamata kile kitambaa cha kufutia, navyo vidole vilikataa kukiachia. Kuta za chumba zilikuwa nyekundu mpaka darini, na taa ilikuwa ikibembea, ikidondosha matone juu yetu tulioingia.

Kisha tukatazama ubao wa vibati mlangoni. Wewe waijua sheria. Aingiaye hutoa kibati chake cha shaba msumarini akakitia mfukoni. Atokapo hukirudisha kwa mkono wake. Msumari ukiwa mtupu, mashine haiwashwi. Misumari yote kumi na miwili ilikuwa imejaa. Kibati namba nne, cha Nanjundappa, kilining'inia pale, safi.

Basavaraj, shemeji yake, yule mchomeleaji mwenye mabega mapana, akauliza, "Nani katundika hiki?"

Pradyumna, mhandisi kijana aliyeshika nafasi yako, akajibu, "Mimi, kaka. Kilikuwa kwenye sahani. Nilidhani ameshatoka."

"Ulidhani? Umemsaga shemeji yangu kwa kudhani?"

Akaokota nondo. Pigo la kwanza lilivunja mkono, la pili likavunja taya, na mengine sikuyahesabu. Watu wanne waliomshika walirushwa kama magunia matupu. Kijana alianguka magotini, damu na meno vikimtoka, akageuza uso kwangu na kusema kwa mdomo usiofungika, "Mzee, waambie. Waambie ndivyo tunavyofanya siku zote."

Mimi, msimamizi wa shimo lile, nilisimama maji ya udhu yakinidondoka viwikoni. Sikuwaambia. Pigo lililofuata lilichukua jicho lake la kushoto.

Tauseef, unakumbuka sahani ile ilivyoanza? Ulikuwa mwezi wako wa pili kazini. Nilitoka ndani nikiiharakia sala ya alasiri, ukanipokea mlangoni na kuniambia, "Mjomba, wewe nenda katawadhe, kibati nipe mimi nikutundikie." Nilikusifu mbele ya wote, nikasema hii ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, mkubwa hatembezwi bure. Nanjundappa akacheka: "Na sisi tusio na wapwa, nani atatutundikia?" Nawe ukachukua na chake.

Toka hapo vijana wote wakakuiga. Baadaye sisi wazee tukaacha hata kuingia na vibati vyetu. Tulipoingia tuliviacha katika sahani ya bati mlangoni, na kijana yeyote akiona muda umefika alivitundika. Mtu akiuliza, aliambiwa hana heshima. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya uhai wetu tuliifanya kiti cha kukalia wazee, na mimi nilikaa wa kwanza.

Siku ya pili Daktari Vasudha aliniita. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akasema, "Mzee Ataullah, tutaandika kwamba alitundika mwenyewe kisha akarudi ndani. Marehemu hafukuzwi kazi. Walio hai watafukuzwa, na Basavaraj atakwenda kummaliza yule kijana hospitalini." Sikukubali, wala sikukataa. Nilinyamaza, na kunyamaza kwa msimamizi ni sawa na kutia sahihi.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa mjane pole. Akaniuliza, "Kaka, ni kweli alirudi kwa ukaidi? Maana mimi ndiye niliyekuwa nikimwita mkaidi kila siku. Nimemtia mkosi?" Nikamwambia asubiri. Usiku ule sala yangu ilikuwa kuinama na kuinuka tu. Ndipo kesho yake nilipokupigia, nikakutajia sahani na kukuficha maiti.

Tulifundishwa tangu utotoni kwamba ushahidi wa haki hauishii mlangoni mwa jamaa; husemwa hata dhidi ya damu yako. Jana nilikwenda mbele ya wachunguzi watatu nikayasema yote. Nilisema Nanjundappa hakurudi ndani, kwa kuwa hakuwa ametoka. Nilisema kwamba Pradyumna alifanya nilichomfundisha, na kwamba nilimwacha apigwe ilhali neno langu moja lingeuzuia ule mkono. Walipouliza kibati cha kwanza kilitundikwa na nani, nilikutaja, mwanangu, jina lako kamili, na nikaongeza kwamba ulitenda kwa ruhusa yangu na sifa yangu. Watakuandikia. Huenda wakubwa wako huko wakakuuliza pia. Jibu kama ilivyokuwa, usinikinge.

Basavaraj alikuwa mlangoni, polisi wawili ubavuni mwake. Anasubiri kesi ya kumpiga kijana. Hawakuwahi kumzuia. Kofi lake lilinitupa ukutani.

"Miaka yote hiyo ya sala," akasema, "na ukanyamaza siku saba?"

Nilitema jino, nikaomba wasimwongezee kosa kwa ajili yangu.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mjane. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nitoke na nisirudi tena. Nikiwa ngazini nilimsikia akimwambia binti yake mkubwa, "Baba yako hakurudi. Unasikia? Hakurudi." Wakaanza kulia kilio ambacho wiki nzima kilikuwa kimezibwa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwaka juzi uliniandikia kwa furaha kwamba umekuwa mkuu wa shimo huko, na kwamba umewafundisha vijana wako adabu ya kwetu, unakiacha kibati chako sahanini mlangoni, wanakutundikia, nawe unakwenda kusali kwa wakati. Mama yako aliwasomea majirani barua ile. Mimi nilitokwa na machozi ya fahari.

Kama uliitikia tu simu yangu na sahani ingali mlangoni, iondoe leo, kabla gurudumu lolote halijazungushwa. Iondoe kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume kijana.

Mama yako anakusalimu, na mke wangu Shaheda vilevile. Msalimie Rafia, na umbusu mtoto kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Muombee Pradyumna, nitakwenda hospitali baada ya sala ya Ijumaa, akikubali kuniona.

Mwenyezi Mungu akulinde utokapo na urudipo, ailinde nyumba yako na kila mtu aliye chini ya mkono wako, na asimfanye yeyote kati yao fidia ya heshima yako. Amin.

Wako akupendaye,
mjomba wako,
Ataullah Sharief