Saa ya Mjomba Sekake

Mazizini, nje ya Durban
8 Mei 1983

Kwa mpwa wangu Limpho,

Salamu nyingi kama theluji ya huko milimani. Mimi mzima, na nikisema mzima usidhani ni uzima wa watu wa kawaida. Ni uzima wa mtu aliyependwa na bahati. Kaa chini kabla hujaendelea. Umekaa? Mjomba wako amepewa saa.

Si saa ya kujulia muda wa kula. Ni ile ya duara ya kupimia farasi, ukiibonyeza inaanza, ukiibonyeza tena inakoma. Zimebaki wiki nane tufike kwenye mbio kubwa za Julai, na kila alfajiri, ukungu haujapanda, niko jukwaani nimevaa koti. Farasi wanakuja wawili wawili, shoti. Nabonyeza. Wanapita nguzo ya mwisho. Nabonyeza. Basi hapo wenye farasi wote wananigeukia, Wazungu na kofia zao: "Sekake, vipi?" Mimi siwajibu haraka. Nakohoa kwanza. Nikisema "huyu bado", mwenyewe anarudi nyumbani hana hamu ya kula. Jana mmoja kaniambia, "Sekake, una jicho la tai." Nikamwambia, "Bwana, tai ndiye ana jicho la Sekake."

Huku hatuna mambo yenu ya wazee kuupa uwanja mgongo asubuhi, eti wasikilize kwato, eti macho hudanganywa na manyoya. Mwambie Mzee Phakiso dunia imekwenda mbele, ila yeye hajaiona kwa kuwa kaipa mgongo.

Nasikia utampanda Sefefo kwenye mbio za hapo Semonkong mwezi wa saba. Vizuri! Farasi aliyeachwa na marehemu baba yako hawezi kubeba magunia ya mahindi mpaka azeeke. Niandikie kila anachofanya asubuhi, nami nitamhukumu kwa barua. Nani mwingine huko ana bahati hiyo?

Msalimie bibi yako, mwambie nitakuja mambo yakipungua. Halafu niambie, siku hizi jioni mnakaa wangapi kwenye moto?

Mjomba wako mwenye saa,
Sekake


Semonkong
25 Mei 1983

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya Bibi, na hayo unayajua tangu zamani. Kwenye moto tunakaa watatu: Bibi, Mama na mimi. Nafasi yako Bibi haruhusu ikaliwe. Juzi paka alijikunja pale akatimuliwa kwa mwiko.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti, watu wakataka niirudie. Mzee Phakiso akasema, "Sekake tangu mdogo, akikimbiza mbuzi mmoja anahesabu kumi." Nikamuuliza, "Na wewe Mzee, saa umepewa na nani?" Watu walicheka hadi akavuta blanketi alilojitanda akajifunika uso.

Sasa Sefefo. Hatuna saa, kwa hiyo Bibi anasimama kwenye uzio wa duka anaimba wimbo wa kanisani. Ninapotoka kwenye nguzo za kanisa anaanza, ninapofika kwake anakoma. Mwezi uliopita tulikuja kwa beti mbili. Sasa ni ubeti mmoja na nusu, na Bibi analalamika hafiki hata kwenye kibwagizo cha pili anachokipenda.

Ila kuna kitu, Mjomba. Asubuhi tatu mfululizo, akishashika kasi, nasikia mguu wa mbele wa kushoto unachelewa kutua. Kidogo sana, kama mtu anayebisha mlango halafu akasita. Kwa macho huoni lolote. Mzee Phakiso alikuwa ametupa mgongo kama kawaida yake, akasema bila kugeuka, "Mpumzishe huyo." Wapanda farasi wenzangu wananicheka: "Binti kaanza kutafuta mlango wa nyuma."

Sefefo ndiye kitu pekee cha baba nilicho nacho. Wewe unawaona farasi wa Julai kila siku. Nimsikilize nani?

Mpwa wako,
Limpho


Mazizini
10 Juni 1983

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa Bibi na magoti yake, kwa mama yako, hata kwa huyo paka mvamizi. Mimi naendelea kupendwa na bahati.

Ubeti mmoja na nusu! Nimeisoma hiyo sehemu nikapiga mluzi. Sikiliza, mtoto wa dada yangu. Farasi mbovu hapunguzi beti. Saa haina huruma wala haina uongo, na wimbo wa mama yangu ni saa tosha, maana tangu nizaliwe sijamsikia akibadili mwendo. Sikio ni la kusikilizia redio. Huo mguu unaochelewa ni mawe ya huko kwenu. Huku angepita kwenye nyasi laini usingesikia kitu.

Usimpumzishe. Mkimbize kwa nguvu zote mara mbili kila wiki mpaka siku yenyewe. Hiyo ni hukumu, na ukiulizwa imetoka wapi, sema imetoka jukwaani Durban.

Jumapili huku kila mtu huenda kwao. Nabaki mimi na farasi hamsini. Ni watu wazuri, hawaulizi maswali. Kwa hiyo andika ndefu ndefu. Na ukiisoma dukani, niambie nani alicheka wapi.

Mjomba wako mwenye saa,
Sekake


Semonkong
29 Juni 1983

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Tumefanya ulivyosema, mara mbili kila wiki. Anakula vizuri. Asubuhi mguu ule una joto kidogo nikiushika, lakini jioni unapoa. Mzee Phakiso alitaka kusema tena, nikamwambia mbele ya watu wote dukani, "Mzee, Mjomba ameshahukumu." Akajitanda blanketi akatoka. Sikupenda alivyotoka.

Waliocheka ni wengi, hasa pale pa redio. Samahani leo si ndefu, mikono imekufa kwa baridi.

Mpwa wako,
Limpho


Semonkong
20 Julai 1983

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Mbio zimekwisha. Nakueleza kama zilivyokuwa. Tulitoka ishirini na wawili. Kwenye nguzo za kanisa nilikuwa mbele, Mjomba, wa pili nyuma yangu naona kichwa chake tu nikigeuka. Bibi alikuwa ameshaanza kuimba kwenye uzio. Hapo nikasikia. Safari hii mguu haukusita mlangoni, haukubisha kabisa. Nikavuta hatamu. Watu walidhani tandiko limelegea, wakapiga kelele, "Kaza, kaza!" Nikashuka. Wote ishirini na mmoja wakanipita, nami nikamrudisha nyumbani kwa miguu kwenye theluji, nikipita katikati ya watu.

Sasa anasimama mtoni, maji yamfike magotini, mguu umevimba.

Na dukani wanasema hivi: jaji wa Durban alimpima, akasema mzima, basi binti aliogopa, akamsingizia farasi. Wananiimbia ubeti wa Bibi nusu halafu wanakatiza. Mwakani hakuna atakayenikabidhi farasi wake, wameshaniambia. Mzee Phakiso nilimfuata nimwombe aseme neno. Akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kubishana na saa."

Usinifariji. Nijibu kitu kimoja. Nilisikia kweli, au niliogopa? Kama niliogopa, nalitundika tandiko la baba ukutani, sitapanda tena. Neno lako tu ndilo watalisikia.

Mpwa wako,
Limpho


Semonkong
21 Agosti 1983

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Umepata barua yangu? Aliyeileta anasema aliikabidhi langoni mikononi mwako, na kwamba unachechemea.

Bibi anauliza kama unaumwa. Tandiko nimelitundika.

Limpho


Mazizini
11 Septemba 1983

Kwa mpwa wangu Limpho,

Salamu. Mimi mzima, uzima wa watu wa kawaida.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ya Julai imelala chini ya godoro wiki sita, na mimi juu yake sijalala.

Ulisikia kweli. Hukuogopa. Soma hapo mara mbili kabla hujaendelea.

Mwenye saa anaitwa Mzee Pillay. Ni Mhindi mfupi, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, na wenye farasi humgeukia yeye. Ile habari ya tai ni yake, aliambiwa yeye, ila yeye aliendelea tu na chai. Mimi farasi alinivunja nyonga miaka kumi na moja iliyopita, tangu hapo sijapanda wala sijakanyaga jukwaa. Nachemsha shayiri na kufua bendeji kwenye chumba cha nyuma. Hakina dirisha upande wa uwanja. Farasi wa Julai nawasikia tu ukutani wakipita alfajiri. Nimewapa mgongo kama Mzee Phakiso, tofauti ni kwamba yeye amechagua.

Na kupitia ukuta ule najua. Siku mbili kabla sijakuandikia hukumu, nilisikia mmoja anachelewesha mguu wa mbele. Nikatoka na ndoo nikamwambia Mzee Pillay. Akaniambia, "Saa yangu iko sawa, Sekake, rudi kwenye sufuria." Kesho yake huyo farasi alirudi amebebwa kwenye gari. Kwa hiyo ulivyoandika kama mtu anayebisha mlango akasita, nilijua palepale. Lakini mtu mwenye saa atasemaje eti amesikia ukutani? Nikaandika kile ambacho mwenye saa angeandika.

Unajua barua ya mfua bendeji inasomwa na nani? Mama yake. Ulivyosema watu dukani walitaka irudiwe, karatasi ile nililala nayo kifuani. Ndiyo bei niliyomuuzia farasi wa baba yako.

Sasa ichukue hii dukani uisome kwa sauti kama zile nyingine. Usiruke kitu. Wakitaka uirudie, irudie. Mwambie Mzee Phakiso Sekake anamwomba radhi, na kwamba yule mbuzi alikuwa mmoja. Tandiko lishushe ulipake mafuta. Sefefo asipandwe mpaka mvua zimeanza na majani yameota. Maji ya mto asubuhi, bendeji mchana, usikaze sana juu ya kifundo. Hapo nisikilize, bendeji nazijua.

Mwambie Bibi amwache paka akae.

Sikupewa saa. Sijawahi hata kuishika.

Mjomba wako,
Sekake